Kosa Liko Wapi, Mjomba?

Andika 1964, mwaka wa Muungano. Zipange tarakimu zake kutoka kubwa kwenda ndogo: 9641. Sasa zigeuze, kutoka ndogo kwenda kubwa: 1469. Toa ya pili kwenye ya kwanza, unapata 8172. Hiyo 8172 nayo ifanyie vilevile, 8721 kutoa 1278, na uendelee hivyo, kila jibu likizaa hesabu inayofuata.

Hiyo ndiyo kazi niliyompa mpwa wangu wa darasa la nne jioni moja umeme ulipokatika, simu yangu imebaki na chaji ya kutazamia saa tu, na yeye amechoka kuniuliza utarudi lini. Nilimwambia njia hiyo itamfikisha kwenye 6174, na kwamba akishaingia humo hatoki. Nikamwonyesha kwa nini: tarakimu za 6174 zikipangwa ni 7641 na 1467, na ukitoa unapata 6174 ileile. "Ukifika hapo ndiyo basi," nikasema. Akavuta kandili karibu na daftari, akaanza. Mimi nikarudi kwenye kahawa yangu.

Wakati yeye anahesabu, nikueleze namba hii ilikotoka. Aliyeiona kwanza ni Dattatreya Ramchandra Kaprekar, aliyezaliwa mwaka 1905 Dahanu, mji wa pwani kaskazini mwa Mumbai. Alisoma Fergusson College mjini Pune, akamaliza digrii yake ya kwanza mwaka 1929, na hakusoma zaidi ya hapo. Kuanzia 1930 mpaka alipostaafu mwaka 1962 alikuwa mwalimu wa shule huko Devlali, karibu na Nashik. Devlali ulikuwa mji wa kambi ya jeshi. Askari wa Kiingereza walirundikwa huko wakisubiri meli ya kuwarudisha kwao, na kwa kusubiri sana baadhi walichanganyikiwa, mpaka jina la mji likaingia kwenye Kiingereza cha mitaani kwa maana ya kurukwa na akili. Kaprekar alikaa pale zaidi ya miaka thelathini, na wazimu wake yeye ukawa namba.

Aliiona 6174 mwaka 1949. Wapo wanahisabati wa nchini mwake waliomwona mtu wa kuchezea mambo ya kitoto, na hakujulikana sana nje ya India mpaka Machi 1975, mwandishi Mmarekani Martin Gardner alipoandika habari zake kwenye safu yake ya mafumbo ya hisabati katika jarida la Scientific American. Alifariki mwaka 1986. Hao waliosema ni mambo ya kitoto mimi siwapingi. Kinachotakiwa ni kujua kupanga tarakimu na kutoa kwa kukopa, na hayo mtoto anayajua kabla hajamaliza darasa la tatu. Namba zake nyingine nazo ni za aina hiyo. Chukua 45, izidishe kwa yenyewe, unapata 2025. Ikate katikati, 20 na 25, ujumlishe: umerudi 45. Walioishi mwaka 2025 waliishi ndani ya mraba wa namba ya Kaprekar bila kujua. Zamu inayofuata ya aina hiyo ni mwaka 3025, maana 55 mara 55 ni 3025, na 30 na 25 ni 55.

Turudi kwenye 6174. Masharti yake ni mawili. Namba iwe na tarakimu nne, na zisiwe zote za aina moja, maana 1111 kutoa 1111 ni sifuri na safari imeishia mlangoni. La pili ndilo linalowanasa wengi: sifuri ya mbele usiitupe. Ukianza na 2111 unapata 999. Mtoto akiiandika hivyo, hatua inayofuata ni 999 kutoa 999, basi, amezama. Aiandike 0999, apange 9990 na 0999, na safari inaendelea vizuri.

Ukizingatia hayo, anza popote utafika, na hutapiga hatua zaidi ya saba. Mimi huanza na miaka ya uhuru, kwa sababu kila mtu ana wa kwake. Mwaka 1962, wa Uganda, Rwanda na Burundi, unafika kwa hatua mbili tu: 9621 kutoa 1269 ni 8352, na 8532 kutoa 2358 ni 6174. Mwaka 1963 wa Kenya unachukua hatua tano. Ila 1961 wa Tanganyika na 1960 wa Kongo zote zinamaliza saba kamili. Ya Tanganyika inapita 8442, 5994, 5355, 1998, 8082, 8532, ndipo inafika. Wapiga ramli wasije wakanisumbua: ni tarakimu tu, hazijui siasa.

Haikupita robo saa nikasikia, "Mjomba, namba yako imenizungusha."

"Imekuzungushaje?"

Akaniletea daftari. Alikuwa ameandika vizuri, kwa mpangilio, mamoja chini ya mamoja. Kutoka 8172 alipata 7543. Kutoka 7543 akapata 4086. Kutoka 4086 akapata 8172, na hapo akasimama.

"Nilitoka hapa, nimerudi hapahapa," akasema. "Nikiendelea nitarudi tena. Na tena. Hiyo 6174 yako sifiki."

Nataka msomaji aone alichokisema mtoto huyu. Hakusema amechoka, wala hakusema hesabu ni ngumu. Amesema kwamba namba ileile ikifanyiwa kitu kilekile itatoa jibu lilelile, kwa hiyo ukirudi ulikokwishapita, umefungwa milele. Ni hoja kamili, wala hakuna aliyemfundisha. Na mimi, nakiri, kwa dakika moja nilibabaika. Kama kuna namba hata moja inayozunguka hivyo, basi Kaprekar alikosea na vitabu vyote vimekosea.

Ningeweza kurudia kila hesabu yake. Badala yake nikajumlisha tarakimu. 8 na 1 na 7 na 2 ni 18. Sawa. 4 na 0 na 8 na 6 ni 18. Sawa. 7 na 5 na 4 na 3 ni 19.

"Kosa liko hapa," nikamwambia, nikaweka kidole kwenye 7543.

Akanikodolea macho. Sikuwa nimetoa chochote, nilikuwa nimejumlisha tu, na tena nilijumlisha jibu bila kutazama swali. Tukairudia 8721 kutoa 1278 pamoja. Moja haiwezi kutoa nane, anakopa kumi kwa jirani, inakuwa kumi na moja, kutoa nane ni tatu. Jirani alikuwa mbili, amebaki moja. Moja haiwezi kutoa saba, naye anakopa kwa jirani yake, kumi na moja kutoa saba ni nne. Sasa mamia. Pale palikuwa na saba, naye alikuwa ameandika saba kutoa mbili ni tano.

"Huyu saba si amekopesha?"

Akacheka. Saba alikuwa amebaki sita, na sita kutoa mbili ni nne. Jibu ni 7443. Jumlisha: 18. Kutoka hapo alikwenda mwenyewe bila kusimama: 3996, 6264, 4176, 6174. Hatua sita kwa jumla.

Siri ya kujumlisha kule ni tisa: 18 inagawanyika kwa tisa, 19 haigawanyiki. Wazee wa pwani waliiita kenda, kabla tisa ya Kiarabu haijaizidi nguvu, na kwa jina lolote ina tabia moja ambayo namba nyingine kuanzia mbili mpaka kumi hazina, isipokuwa tatu, ambayo ni mtoto wake. Gawia watoto tisa shilingi kumi, kila mmoja moja, inabaki moja. Wagawie mia, kila mmoja kumi na moja, inabaki moja. Wagawie elfu, kila mmoja mia moja kumi na moja, inabaki moja. Kwa hiyo kila elfu ndani ya namba huacha baki ya moja, kila mia moja, kila kumi moja. Katika 8721 elfu nane zinaacha nane, mia saba zinaacha saba, makumi mawili yanaacha mawili, na ile moja ni moja. Jumla 18, na 18 nayo watoto tisa wanaigawana mbilimbili, haibaki kitu. Ndiyo maana kujumlisha tarakimu kunakuambia kama namba inagawanyika kwa tisa.

Na kujumlisha hakujali nani katangulia. 8721 na 1278 zina tarakimu zilezile, kwa hiyo baki zao kwa tisa ni sawasawa. Ukitoa moja kwenye nyingine, baki zinafutana. Jibu litagawanyika kwa tisa, litake lisitake. Kwa hiyo kila mstari wa mchezo huu umebeba mkaguzi wake ndani, na mtoto anaweza kumwita bila kumngoja mwalimu mwenye daftari themanini mezani.

Mkaguzi huyo hufaa kwa sababu mchezo wenyewe una huruma kupita kiasi. Makosa mengi ya kutoa, 6174 inayameza. Ukikosea katikati, unaangukia namba nyingine ya tarakimu nne, na hiyo nayo, kama namba zote, inakwenda kulekule. Kufika si ushahidi kwamba ulipita njia sahihi. Kosa la mpwa wangu lilionekana kwa sababu tu lilimrudisha nyuma yake mwenyewe. Ukiwa na watoto wawili, waanzie namba ileile na mwisho walinganishe idadi ya hatua. Mmoja akisema tano na mwingine sita, ugomvi utakaozuka utawafundisha kutoa kuliko maswali ishirini ya zoezi.

Tisa hata hivyo ina upofu wake. Kama mtoto angepata 7443 na mkono ukateleza akaandika 7434, jumla ni 18 ileile, na tisa isingeona kitu. Haioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Sasa upofu huohuo, ukiupeleka dukani, unageuka kuwa jicho.

Dada yangu, mama wa mtoto huyu, ana duka la rejareja. Kila jioni anajumlisha kaunta buku na kuhesabu pesa za droo. Siku moja pesa zilizidi daftari kwa shilingi 2,700. Wasiofanya biashara hudhani pesa zikizidi ni furaha. Si hivyo. Pesa zilizozidi zina mwenyewe, na kesho yake anaweza kuja na maneno. Alikuwa amekwishapitia orodha mara mbili na kikokotoo na kupata jumla ileile.

Angalia 2,700. Mbili na saba ni tisa. Inagawanyika. Basi kuna uwezekano mkubwa kwamba pahali fulani tarakimu mbili zimepishana wakati wa kuandika, kwa sababu kosa la namna hiyo huacha pengo linalogawanyika kwa tisa kila mara, kwa sababu ileile iliyofanya kila jibu la Kaprekar ligawanyike. Halafu linakuambia zaidi. Gawa 2,700 kwa tisa, unapata 300. Sifuri mbili hizo zinasema kosa liko kati ya mamia na maelfu, na ile tatu inasema tarakimu zilizopishana zinatofautiana kwa tatu. Kwa hiyo usisome orodha nzima. Tafuta 1,400, 2,500, 3,600, 4,700, au ndugu zao. Au tafuta 300 ambayo ilitakiwa kuwa 3,000, kwa sababu sifuri iliyosahaulika nayo huacha pengo la tisa.

Mstari wa kumi na moja: unga na mafuta ya kula, 3,600. Mteja alikuwa amelipa 6,300.

Haifanyi kazi siku zote. Pengo linaweza kugawanyika kwa tisa kwa bahati tu, mara moja katika kila tisa, na noti iliyoangukia nyuma ya friji haijui tisa wala kumi. Lakini mtu aliyesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, ukimwambia atazame mistari mitano badala ya sitini, umemsaidia.

Limebaki swali ambalo mpwa wangu alilirudia siku tatu: kwa nini iwe 6174 na si nyingine? Kusema inagawanyika kwa tisa hakutoshi, maana ziko namba nyingi za hivyo.

Jibu liko kwenye hatua ya kwanza. Katika 9641, tarakimu ya kwanza na ya mwisho zinapishana kwa nane, na mbili za katikati zinapishana kwa mbili. Zile za pembeni zikibadilishana nafasi, kila moja ya tofauti yao ina thamani ya 999, yaani elfu ukitoa moja. Za katikati, kila moja ina thamani ya 90, yaani mia ukitoa kumi. Nane mara 999 ni 7,992. Mbili mara 90 ni 180. Jumla 8,172. Hiyo ndiyo 8172 yetu, na tumeipata bila kutoa. Sasa 8530 nayo ina tofauti ya nane pembeni na mbili katikati, kwa hiyo nayo inazaa 8172, ingawa haifanani na 1964 hata kidogo.

Tofauti ya pembeni inaweza kuwa moja mpaka tisa. Ya katikati haiwezi kuzidi ya pembeni, na inaweza kuwa sifuri. Zihesabu jozi zote zinazowezekana, ni 54. Kutoka 0001 mpaka 9998 kuna namba 9,990 zinazoruhusiwa kuingia kwenye mchezo, na baada ya hatua moja tu zote zimebanwa kwenye majibu 54. Ni kama abiria wa mji mzima kujikuta kwenye basi moja. Kuanzia hapo hakuna uchawi wala haja ya kompyuta: fuatilia hizo 54 mojamoja, utaona kila moja inaishia 6174. Ni kurasa chache za daftari. Darasa likigawana, kila mtoto namba moja au mbili, kipindi kimoja kinatosha, na watakachokuwa nacho mwisho wa kipindi si mfano wala dhana. Ni uthibitisho kamili, wa aina ileile wanayodaiwa wanahisabati.

Kwa mdogo wake wa darasa la pili nilitumia tarakimu tatu. Huko kituo ni 495, na majibu ya hatua ya kwanza ni tisa tu: 099, 198, 297, 396, 495, 594, 693, 792, 891. Katikati daima ni tisa, na za pembeni zikijumlishwa ni tisa. Aliligundua hilo kabla sijasema, akadhani ni siri yake, nami nikamwachia.

Yule mkubwa akataka tarakimu tano. Mimi nilijua kinachomsubiri, nikanyamaza. Alichukua noti ya elfu kumi kwenye droo ya mama yake, akaiweka mezani kama mfano, akaandika 10000. Kandili haikuhitajika tena, umeme ulikuwepo, lakini aliinama vilevile. 10000 kutoa 00001 ni 09999. Sifuri ya mbele hakuitupa. Kisha 89991. Kisha 80982, 95931, 85932, 74943, 62964, 71973, 83952. Kisha 74943.

Safari hii hakuniita haraka. Nilimwona kwa mbali anajumlisha kwa vidole, mstari baada ya mstari. Alipokuja, pembeni ya kila namba kati ya zile nne za mwisho alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: 27, 27, 27, 27.

"Nimezunguka tena," akasema. "Kosa liko wapi, mjomba?"

"Halipo."

Akanitazama kama mteja aliyepewa chenji pungufu. Kisha akamrudishia mama yake noti, akafungua ukurasa mpya, akaandika 50000.